Mtani Hanuniwi

Wiki iliyopita binti yangu alinikokota mpaka saluni. Ana mahafali yake, anataka nywele zinyooke, na watoto wa siku hizi ukiwakatalia kitu wanakununia mpaka chakula kinakushinda. Haya, tukaenda. Dada wa saluni akavaa glavu, akafungua kopo, na ile harufu ikanijia puani: yai viza lililomwagiwa manukato. Nikainuka nikatoka nje, nikaenda kukaa kwenye benchi la fundi viatu. Binti akanifuata na taulo yake shingoni.

"Mama, vipi, unaumwa?"

"Joto tu, mwanangu. Rudi ukakae."

Joto wapi, na feni mle ndani lilikuwa linazunguka kwa nguvu zote. Mie muongo, na si muongo wa jana. Uongo wangu mkubwa wa kwanza niliusema nikiwa na miaka tisa, uani kwetu Tandika, na ulinuka hivyohivyo. Nauandika leo kwa sababu wale wawili uliowaumiza, mmoja ameshatangulia, na mwingine nitawaambieni alivyonifanya.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, korido katikati. Uani kulikuwa na bafu la mabati na mpapai dume usiozaa ambao mwenye nyumba alikataa ukatwe. Sie tulipanga vyumba viwili vya mwanzo mkono wa kushoto. Baba alifanya kazi kiwandani, asubuhi yupo njiani na jioni ndiyo anarudi, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mama. Chumba kilichotazamana na chetu alikaa Mama Kulwa na mapacha wake, Kulwa na Doto. Mumewe alikuwa mtu wa reli, siku nyingi haonekani.

Mama Kulwa alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Mama yangu Mzaramo wa Kisarawe. Nyie wa rika langu mnajua maana yake: watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, ana ruhusa ya kuingia kwako akachukua anachotaka akaondoka nacho anacheka, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, umejiaibisha, watu wanakushangaa. Mtani hanuniwi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya korido yetu, kuliko hata sheria za mwenye nyumba.

Na mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa chakula cha watani, maana hapakupita wiki bila kumfika kioja. Alishakwenda kikao cha wazazi shuleni kwetu amevaa ndala moja yake na moja ya baba, akasimama mbele ya mwalimu mkuu akichangia hoja. Alishapika maandazi akatia chumvi badala ya sukari, akatugawia, na sie tukala kimya kwa kumwogopa, mpaka baba alipoomba mchuzi wa kuyalia. Lakini kubwa kuliko ni la msiba. Aliaga anakwenda kwenye msiba wa bibi mmoja Yombo. Akashuka, akaona turubai, akaona wanawake wamejaa, akaanza kulia tokea barabarani. Alilia huyo, wakamshika, wakampa maji, wakamkalisha. Akamenya vitunguu swaumu, akapepeta mchele, akala ubwabwa wake wa mchana akashiba. Saa kumi ndiyo anamuuliza wa pembeni yake, "Bibi wa watu, kwani aliugua nini?" Akajibiwa, "Bibi gani? Aliyefariki ni babu." Msiba wake ulikuwa mtaa wa pili.

Alirudi anatusimulia na kujicheka. Mama Kulwa aliposikia alianguka chini pale koridoni, akagaragara.

"Wazaramo! Kwa ubwabwa hamchagui maiti!"

"Kaa kimya, mpagazi wewe! Babu yako kabeba mizigo ya babu yangu toka Tabora mpaka Bagamoyo, wewe nguvu za kucheka unazitoa wapi?"

"Kambebea kwa sababu babu yako alikuwa amelala chini ya mnazi, anasubiri nazi imwangukie!"

Siku nzima hivyo. Mama Kulwa aliingia kwetu akiona sufuria ya samaki imeiva, anaiepua jikoni, anaondoka nayo, na mama anamkimbiza korido nzima na mwiko. Kesho yake mama anaanua kanga ya Mama Kulwa kambani, anaivaa, anaendea nayo sokoni mchana kweupe. Jioni walikaa kizingitini wakasukana. Mie nililala mapajani kwa mama nikiwasikiliza, nikidhani dunia nzima watu wazima huishi hivyo.

Nywele za mama lazima niwaambie. Zilikuwa nyingi, nyeusi, nzito, ukizifumua zinasimama zinamjaa kichwa chote. Alizipaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe akatia na asumini ndani. Usiku nilizoea kulala nimeingiza vidole kwenye mabutu yake. Baba alinikaripia kwamba nimekuwa mkubwa, mama akamwambia, "Mwache, nywele zangu zinakuuma wewe?"

Sasa ikaja miaka ile ya ruksa. Mnaikumbuka. Juzi tu sabuni ya kufulia tulipanga foleni, mara tukaamka maduka ya Kariakoo yamefurika: redio kaseti, raba mtoni, marashi ya kila rangi, na dawa za nywele. Wanawake wa mjini wakaanza kutembea na nywele zilizolala, zinang'aa, zinapepea. Na mama yangu mdogo, Saada, akapata mchumba wa Mwananyamala, watu wa mjini hasa, mawifi zake wote wamenyoosha. Harusi ikapangwa Jumamosi. Mama ndiye dada mkubwa, bibi yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo yeye ndiye angekaa ubavuni kwa bibi harusi mbele ya macho yote yale. Hakutaka wamwone wa shamba.

Akarudi siku moja na boksi la dawa ya nywele, kaliviringisha ndani ya kanga. Juu yake pana picha ya mwanamke, nywele zimemtiririka mpaka mabegani, anacheka na mtu tusiyemwona. Mama alilitoa chini ya godoro kama mara nne siku ile kulitazama. Akamwita mtani wake aje aone.

Mama Kulwa akalishika, akaligeuza, akamtazama yule mwanamke, akamtazama mama.

"Ukishanyoosha hizo, mtani, Tandika utaiona ndogo," akasema. "Utatuachia hiki kitoto chako cha Kizaramo na mzee wako, wewe tutakusikia Msasani huko, kwa mabwana wenye magari."

"Na wewe nitakuajiri," mama akajibu. "Unibebee sanduku."

Wakagonganisha mikono, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mie nilikuwa kizingitini nachambua mchele na sikucheka. Utani wao mwingine wote niliuelewa, au nilidhani nauelewa, lakini huu haukuniingia kama utani. Kulikuwa na mama yake Siwema, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alinyoosha nywele sikukuu ya Idi, haukupita mwezi akamwacha mume na mtoto, akaenda asikokujua mtu. Siwema alibaki na shangazi yake anayempiga. Sie watoto tulishafanya hesabu zetu: nywele ndizo zilizomchukua. Na leo Mama Kulwa, mtu mzima anayeyajua mambo, anasema kwa mdomo wake kwamba mama yangu atakwenda.

Siku mbili sikula vizuri. Mama akanipima paji la uso, akasema nina malaria, akanichemshia mwarobaini. Nikaunywa wote nisiseme kitu.

Mie nilikuwepo siku mama yake Siwema aliponyooshwa, tulikaa na Siwema mlangoni tunatazama. Niliona wakimpaka ule ute mweupe, na chini yake nywele zikawa bado zilezile, zimejikunja. Ndipo wakammwagia maji, na hapo ndipo zikatoka zimelala. Akili yangu ya miaka tisa ikaamua kwamba kinachonyoosha ni maji. Pasipo maji, mama atapaka, atasubiri, atafuta, na atabaki mama yangu.

Ijumaa, kesho yake harusi, bomba lilikuwa na siku ya tatu halitoi maji. Wauza maji wa mikokoteni hawakupita. Pipa letu uani lilikuwa limebaki matope chini. Mama alikuwa ametenga ndoo moja ya buluu, imejaa, kaifunika kwa sinia. Akaiweka koridoni mlangoni kwetu, kwenye kivuli.

"Mwaju," akaniambia, "maji haya ni ya kichwa changu. Kaa hapa uyalinde. Asiguse mtu, hata awe malaika. Nikikuita, uniletee mbio."

"Ndiyo, mama."

Akaenda uani, akakaa kwenye kigoda chini ya mpapai, akaanza kujipaka mwenyewe kwa kitana, kioo kakiegemeza ukutani. Nilisikia anaimba. Mama Kulwa alikuwa chumbani kwake anawalaza mapacha. Tangu alfajiri alikuwa amekwenda kisimani, kule bondeni, karudi na ndoo kichwani na nyingine mkononi, na wale watoto walipotoka shule kafua sare zao, kazianika. Zilikuwa bado zinadondoka matone kambani.

Nikaiburuta ndoo mpaka barazani, upande wa barabarani. Ilikuwa nzito, nikaipumzisha mara tatu. Nikaiinamisha. Mchanga wa Tandika mnaujua, ulikunywa yote mara moja, pakabaki weusi tu, na weusi wenyewe jua likaanza kuulamba palepale. Nikairudisha ndoo mahali pake, nikaifunika kwa sinia, nikakaa. Wallahi nilifurahi. Nilijiona nimemwokoa mama.

"Mwaju! Lete maji!"

Nikaenda mikono mitupu. "Hayapo, mama."

"Acha mchezo, kichwa kinawaka. Lete maji."

"Hayapo."

Akainuka, akaja koridoni, akafunua sinia. Akatazama ndani ya ndoo tupu, akanitazama mie, kisha akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena kwa mtu, na nimeshasikia vilio vingi. Akakimbilia pipa, akachota matope kwa kopo, akaliacha. Akakimbilia bomba, akalifungua, likatoa pumzi tu. Akaanza kujipangusa na kanga yake, na kanga ikawa inatoka na nywele. Mie nilisimama palepale. Nilielewa, jamani. Nilielewa yote kwa mara moja.

Mama Kulwa alitoka chumbani kwake amekumbatia mtungi wa maji ya kunywa.

"Inama! Inama, mtani! Fumba macho!"

Akamwagia yote. Alikuwa anamwagia huku anamsugua kwa vidole vyake vitupu, anaondoa ule ute, na mama anapiga kelele, naye Mama Kulwa analia huku anasema, "Vumilia, Mzaramo wangu, vumilia, yanakwisha." Mtungi ukaisha, akaleta ndoo yake ya pili, ile aliyoiweka ya kupikia. Wale mapacha walikaa bila maji ya kunywa mpaka jioni, baba yangu aliporudi akaenda kuyatafuta kwa baiskeli. Vidole vya Mama Kulwa vilichubuka, wiki nzima aliosha vyombo kwa shida.

Walipomfunga mama kitambaa, Mama Kulwa alitoka kwenda kumtafutia dawa ya kuungua. Mama akabaki kitandani, macho mekundu, anatetemeka. Akaniita.

"Mwaju. Ile ndoo nilikukabidhi wewe. Nani kachukua maji?"

Mlango ulikuwa wazi, nilikuwa naiona kamba ya nguo uani. Naliona shati la Kulwa, naliona la Doto, yanadondoka matone.

"Mama Kulwa."

"Umemuona?"

"Nimemuona." Na hapo ningeweza kuishia. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Lakini uongo ukiwa peke yake huuona mwepesi, unataka kuutilia uzito kidogo. Nikaongeza, "Alikuwa anacheka."

Mama alitazama zile sare kambani, kisha akageukia ukutani. Mie nilijua anachokifikiria, maana ndicho nilichotaka akifikirie: kwamba mtani kachukua maji kwa utani kama anavyochukua sufuria ya samaki, kaona mtu anaungua ndiyo kaja mbio na mtungi. Na nani angelibisha hilo? Si ndiyo mchezo wao wa kila siku?

Harusini mama alikwenda amejifunga ushungi mpaka kwenye nyusi. Hakukaa ubavuni kwa Saada. Akakaa nyuma kabisa, karibu na masufuria ya pilau, akisema anasimamia mapishi. Wifi mmoja alimfuata akamuuliza kwa sauti mbona dada wa bibi harusi kajificha, mama akacheka akasema kichwa kinamuuma. Mama mdogo Saada alilia, watu wakadhani ni kilio cha bibi harusi. Wiki zilizofuata nywele za mama ziliendelea kutoka, nilizikuta kwenye mto, kwenye kitana, kwenye ukosi wa gauni. Baadaye ziliota tena, lakini nyembamba, na juu ya sikio la kulia pakabaki kovu la ukubwa wa kiganja cha mtoto, halikuota kitu mpaka tunamzika.

Lakini nywele si kitu. Ngoja niwaambie kilichokufa.

Mama hakumgombeza Mama Kulwa. Angemgombezaje? Kwa kosa gani? Mtani kachukua kitu cha mtani, kosa liko wapi? Angekwenda kwa watu akasema kamkasirikia mtani wake, aibu ingekuwa yake. Kwa hiyo alifanya jambo baya kuliko kugombana. Alianza kuwa na adabu.

"Habari za asubuhi, dada," alimwambia asubuhi ya Jumatatu pale koridoni. "Samahani, naomba nipite."

Mama Kulwa alidhani ni utani wa aina mpya. Akamjibu, "Pita, malkia, mizigo yako ikwapi nikubebee?" Mama akapita. Nikamwona Mama Kulwa amebaki na tabasamu lake mdomoni, halina pa kwenda.

Alijaribu, masikini. Alimwita Mzaramo mvivu, akaambiwa, "Kweli dada, umesema kweli." Alikaa kizingitini na kitana akimngoja waje kusukana, mama akapitiliza. Siku moja akaingia kwetu kama zamani, akaepua sufuria ya samaki ikiwa inatokota, akatoka nayo, akasimama katikati ya korido akingoja kukimbizwa na mwiko. Kaishika kwa ncha za kanga yake, mvuke unampiga usoni. Mama alitoka mlangoni taratibu.

"Chukua tu, dada. Haina shida. Watoto wale."

Mama Kulwa akarudi nayo ndani kwetu, akaiweka sufuria jikoni polepole ili isimwagike, akasema, "Samahani, mama Mwaju." Tangu siku ile hakuingia tena kwetu. Mie nilikuwa kitandani najifanya nasoma daftari.

Unaweza kuuliza, kwa nini Mama Kulwa hakuuliza kosa lake. Aliuliza. Aliuliza mara mbili ninazozijua, na mara zote mama alimjibu, "Kosa gani, dada? Mbona tuko salama." Na mie ningesema lini? Kila siku iliyopita ilifanya siku inayofuata kuwa ngumu zaidi. Nikageuka mtoto mwema. Nilichota maji bila kutumwa, nikaamka alfajiri kwenda kisimani, nikajaza pipa, nikajaza ndoo, nikajaza hata birika. Mama alinisifu kwa wageni: "Huyu Mwaju wangu, kwa maji hana mpinzani. Na hajui uongo." Nilikuwa natoka nje akianza kusema hivyo.

Mwaka haukuisha, Mama Kulwa akahamia Mbagala. Mama alisaidia kupakia vyombo kwenye mkokoteni, akafunga kamba mwenyewe, akamwambia, "Safari njema, dada." Mama Kulwa akanivuta shavu.

"Kitoto cha Kizaramo, mtunze mama yako. Naona kichwa bado kinamuuma."

Nikakua, nikaolewa, nikazaa. Nikasema nitamwambia mama nikishazaa, kisha nikasema nitamwambia akishapona presha. Mwishoni alipokuwa haamki kitandani, nilikuwa namchana mvi zake kila asubuhi, kitana kinapita, kinafika kwenye lile kovu, kinaruka. Asubuhi moja akasema, hata sikujua imetokea wapi:

"Mnyamwezi yule, sijui yu hai. Nilimpenda, Mwaju. Sijapata tena rafiki kama yule." Akagusa lile kovu. "Ila alicheka. Maji angechukua tu, lakini kucheka, na mie naungua."

Kitana kilikuwa mkononi mwangu. Chumbani tulikuwa wawili tu. Mungu alinipa nafasi, akanifungulia na mlango wenyewe.

"Yamepita, mama," nikasema.

Alifariki siku tisa baadaye. Mengine yote nasema yalikuwa utoto. Hilo la kitana lilikuwa la mwanamke wa miaka arobaini mwenye akili zake timamu.

Habari za msiba zina miguu, zikafika Mbagala. Jeneza lilipokuwa linatolewa ndani, wanaume wamelibeba, kukawa na vurumai mlangoni. Kizee kimoja kimejilaza kizingitini, kimetanua mikono.

"Hatoki! Hatoki mtu hapa! Huyu Mzaramo kaninunia miaka mpaka meno yameniisha! Mtani hununiwa? Semeni nyie, mtani hununiwa?"

"Hanuniwi!" watu wakaitikia.

"Basi kavunja sheria! Nataka niambiwe kosa langu. Anijibu yeye, au anijibu wa kwao. La sivyo tutalala hapa!"

Watu waliangua kicheko. Hata mjomba wangu, aliyelia tangu jana yake, alicheka mpaka akashika ukuta. Ndiyo kazi ya mtani msibani, kuwapumzisha watu na kilio. "Mpeni mtani haki yake!" wakapiga kelele. Mama mdogo Saada akaenda ndani, akaleta kanga ya marehemu, ile doti yake nzuri, akamkabidhi. Mama Kulwa akaipokea, akajifunga kichwani, akainuka kwa kushika goti. Jeneza lilipompita aliliwekea kiganja. Mie nilikuwa karibu, nilimsikia.

"Tangulia, mtani. Mizigo yako nitakuja nayo."

Siku ya tatu, baada ya hitma, tulikuwa uani tunaosha masufuria. Alikataa kupumzika. Amejifunga ile kanga ya mama kichwani na ananitania tangu asubuhi, yule mtani wa zamani karudi mzima mzima. "Sugua, wewe kitoto cha Kizaramo! Hata masizi mnayabembeleza? Mama yako alilia misiba ya watu asiowajua, wewe wa kwenu unalia kidogo hivi?" Nilicheka. Na kile kicheko ndicho kilichonishinda. Sikuweza kukaa naye tunacheka.

Nikamwambia yote. Nikaanza na Siwema, nikasema la ndoo, la mchanga, la sare kambani. Aliendelea kusugua. Nilipofika kwenye kucheka, mkono ukasimama.

"Nilikuwa nacheka?"

"Ndivyo nilivyomwambia."

"Na aliamini?"

"Aliamini."

"Mpaka anakufa?"

"Mpaka anakufa, mama."

Akatazama vidole vyake, vimejaa povu na masizi. Nilisubiri anitukane. Nilitamani tusi, nilitamani aninyanyulie sufuria anitwange nayo, aniite mchawi, awaite watu wote waliomo ndani waje kunisikia. Mie ni mtani wake, angeweza kuniambia lolote.

Alisuuza mikono polepole kwenye ndoo. Akaifungua kanga ya mama kichwani, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akaiweka mapajani kwangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, miguu imeziba njia ya kuingilia koridoni.

"Asante kwa kuniambia, dada," akasema, yule mwanamke wa umri wa mama yangu. "Samahani, naomba nipite."

Nikavuta miguu, akapita.